Moja Tu, la Mwisho

*Mwamba, maji yanayopwa na mchumba asiyesikia. Wawili kutoka Ipelele walijifunza kuteleza juu ya mawimbi ya Dar es Salaam, na nusura harusi yao iingie doa.*

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Umewahi kukaa Coco Beach jioni ya Jumapili, mkononi mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, ukamwona mtu amesimama juu ya ubao katikati ya wimbi, ukasema moyoni, "Huyu naye mwehu"? Basi mimi ni mmoja wa wehu hao. Na mume wangu ndiye mwehu mwenzangu.

Kinachochekesha zaidi ni tulikotoka. Mimi ni mtoto wa Ipelele, Makete, mkoani Njombe. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Maji tunayajua ya kuogea, tena yakishachemshwa. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, baada ya kupanda basi Makambako na kukaa zaidi ya kilomita 600 nikiwa nimekumbatia begi. Mwenzangu naye ni wa huko huko kwetu, ila yeye aliiona bahari akiwa na miaka 21. Wakinga tunasifiwa kwa biashara, na ukitaka ushahidi nenda Kariakoo. Kwa kuogelea hakuna aliyewahi kutusifia.

Ninachotaka kukusimulia leo si jinsi tulivyojifunza kusimama juu ya ubao. Ni jinsi tulivyojifunza kutoka majini. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi, na nusura litugharimu harusi.

Kutoka bwawani hadi mwambani

Tulijifunza kuogelea ukubwani, kwenye bwawa, tumeshikilia ukingo huku watoto wa darasa la pili wakitupita kama samaki. Kocha wetu, kijana wa pwani asiyependa maneno mengi, alikataa katakata kutupa ubao. "Kaka, dada, kwanza ogeleeni mita 200 bila kugusa kitu. Ubao unaweza kukutoka. Ukikutoka, utabaki na mikono yako tu."

Baada ya hapo ndipo tukapewa mbao ndefu za sponji na kuanza kwenye mchanga, pale ambapo wimbi limeshavunjika na limebaki povu. Unalala kifudifudi, unapiga kasia kwa mikono, povu linakusukuma, unajaribu kusimama, unaanguka. Unakunywa maji ya chumvi ya kutosha kupikia ugali wa mtaa mzima. Mwaka mzima ulikatika hivyo. Wenzetu kazini walikuwa wanatuuliza, "Hivi nyie wikiendi mnalipwa?"

Ila taratibu mambo yakakubali. Tukaanza kusimama mara nyingi kuliko kuanguka. Tukaweza kukata kulia au kushoto na kufuata ubavu wa wimbi badala ya kwenda nalo moja kwa moja hadi nchi kavu. Tukaweza kupiga kasia hadi nje peke yetu na kukaa juu ya ubao tukisubiri. Hiki ndicho wanachokiita kiwango cha kati. Si mwanafunzi tena, ila fundi bado.

Na hapo ndipo mchanga unapoanza kuchosha. Mchanga unahama. Leo wimbi linavunjika hapa, wiki ijayo pale, na mara nyingi linaanguka lote kwa mpigo, huna pa kukimbilia. Kocha akasema sasa tuko tayari kuonjeshwa mwamba.

Kwa nini mwamba?

Nieleze kidogo, maana nilipokuwa nasikia "mwamba" nilikuwa nadhani ni kitu cha kukwepa tu.

Wimbi likiwa kwenye kilindi halivunjiki. Linapita kama mgongo wa ng'ombe anayetembea. Likifika penye maji machache, chini kunalizuia huku juu kunaendelea na safari, basi linainuka, linajikunja na kuanguka. Kwa makadirio, wimbi la mita 1 huanza kuvunjika penye kina cha kama mita 1.3. Yaani linaanguka mahali ambapo mtu mzima angeweza kusimama.

Mwamba wa matumbawe hauhami. Kwa hiyo wimbi likikuta kina kile kile, linavunjika pale pale leo na kesho. Likianza upande mmoja na kuvunjika taratibu kwenda mwingine, unapata njia ndefu ya kuteleza. Pembeni kwa kawaida kuna mlango, yaani sehemu yenye kina ambako ngalawa za wavuvi hupita. Huko mawimbi hayavunjiki sana, hivyo unapiga kasia kwenda nje bila kupigwa kichwani kila hatua. Unaweka alama zako nchi kavu, mnazi ule na paa lile vikiwa mstari mmoja, kama wavuvi wanavyofanya tangu enzi, na unajua umekaa mahali pake. Kwa mtu wa kiwango cha kati, huo ni mteremko.

Ndiyo maana mashindano makubwa duniani mengi hufanyika kwenye miamba. Kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mchezo huu haukufanyika Ufaransa kwenyewe. Ulipelekwa Teahupo'o, kisiwani Tahiti, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris, kwa sababu kuna mwamba wenye maji machache unaotoa wimbi ambalo dunia nzima inalihofu. Hilo si la mimi na wewe, tafadhali.

Na usidhani haya ni mambo ya wazungu tu. Watu wa Hawaii walikuwa wakiteleza hivi karne nyingi kabla ya meli ya mzungu yeyote kufika kwao. Na hapa hapa Afrika, msafiri Mjerumani aitwaye Michael Hemmersam aliandika kuhusu watoto waliocheza na mbao kwenye mawimbi ya Ghana ya leo katika miaka ya 1640.

Sisi Tanzania mawimbi yetu ni ya kiasi. Msimu wake ni kusi, hasa kati ya Juni na Septemba, upepo unapovuma kutoka kusini na kuisukuma bahari. Mashariki ya Unguja, kule Paje na Jambiani, mawimbi huvunjika kwenye mwamba mbali na ufukwe, na ndani yake maji yanabaki tulivu. Ndiyo maana pale wamejaa watu wa kaiti zinazovutwa na upepo. Dar es Salaam mambo ni madogo zaidi, lakini siku ya kusi iliyokaa vizuri, mwamba mdogo unaweza kukupa wimbi la kimo cha kiuno hadi kifua. Kwa wa kiwango cha kati, hiyo ni sikukuu.

Kuna shida moja tu. Mwamba hauhami, lakini maji yaliyo juu yake yanahama kila dakika.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba. Harusi yetu ilikuwa imebaki wiki tatu. Kamati imekaa, michango imekusanywa, kadi zimeshafika Makambako, Njombe hadi Makete. Kitchen party yangu ilikuwa Jumamosi inayofuata. Yaani presha juu ya presha. Tukasema twende majini tukapumue.

Tulikuwa tumetoka tu kwenye mwezi mpevu. Kwa wale wa bara wenzangu: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inajaa sana na inapwa sana. Wapwani wanaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayana nguvu, wanaita maji mafu. Kwa Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na hupwa hadi usiku wa saa 4. Tofauti ya juu na chini inaweza kuzidi mita 3.

Maji yalijaa saa 10 na robo. Tukakubaliana tukiwa ndani ya gari: saa 12 kasorobo tunatoka, wote, hakuna mjadala. Kocha alikuwepo, ila yeye alikuwa upande wa mchanga na wanafunzi wake wapya.

Basi bwana, bahari siku hiyo ilikuwa bomba. Mawimbi yalikuwa yanakuja kwa mafungu, matatu manne, kisha utulivu, kisha mengine. Mwenzangu alikuwa kwenye siku yake. Sijawahi kumwona akiteleza namna ile, magoti yamekunjwa, mikono imetulia, anacheka mwenyewe. Nilimpenda upya, nisikufiche.

Saa 12 kasorobo nikatoka. Yeye akaniinulia kidole kimoja. Moja tu, la mwisho.

Akachukua moja. Kisha akapiga kasia kurudi nje. Kidole tena.

Nilimwona hadi saa 12 na robo. Jua linazama. Nikaanza kuona kitu kingine: pale alipokuwa anateleza, wimbi likijikunja, mbele yake maji yalikuwa yananyonywa na kubaki rangi ya kahawia. Kahawia ile ndiyo mwamba. Kina mama wawili wenye ndoo walikuwa tayari wanatembea kwenye mawe ambayo saa moja nyuma yalikuwa chini ya maji.

Sasa nikuambie ukweli ambao sikumwambia mtu kwa siku kadhaa. Nilijua. Nilikuwa nimeshajua maji yamekwisha. Lakini wiki mbili kabla, mbele ya marafiki zake, nilimwita atoke, akatoka akicheka na kusema, "Mama, punguza woga basi." Wote wakacheka. Tangu siku ile nilijiapiza sitaonekana tena mchumba wa kumfunga mtu kamba. Kwa hiyo nilichofanya ni kupunga mkono, tena nusunusu, kama namsalimia. Akanipungia na yeye.

Saa 12 na nusu akachukua wimbi. Lilimpindukia. Na yeye, kwa mazoea ya mchanga, akajirusha mbele, kichwa kikitangulia.

Ubao ulitoka. Yeye hakutoka.

Nilihesabu. Sijui kwa nini nilihesabu, lakini nilifika kumi na moja. Kichwa kikaibuka, wimbi la pili likamfunika. Nikaanza kukimbilia majini na nguo zangu, nikashikwa mkono kwa nguvu. Kocha. "Dada, ukiingia wewe tutatafuta wawili. Kaa hapa, mwoneshe kwa kidole, usimpoteze." Akachukua ubao mrefu, akapita mlangoni kwenye kina, akamzunguka kwa nyuma.

Nilisimama pale nimenyoosha kidole kama mtoto anayeonesha ndege, natetemeka, giza linaingia.

Walirudi wote wawili. Bega la kulia na mgongo vilikuwa vimechanika kama vile vimepitishwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kichwa kilipona kwa sababu dakika ya mwisho aliwahi kukinga mikono.

Kimya cha siku tatu

Hospitali walimshona nyuzi tisa, wakamchoma sindano ya pepopunda, na muuguzi alitumia karibu saa nzima kuondoa vipande vya matumbawe kimoja kimoja. Alituambia jambo ambalo wengi hawalijui: jeraha la matumbawe linaonekana dogo lakini vipande vikibaki ndani linaoza vibaya. Si suala la kukamulia ndimu ukaendelea na maisha.

Njiani kurudi, mwenzangu akasema, "Samahani mpenzi, bahati mbaya."

Nikanyamaza. Tulipofika kwangu nikamwambia, "Si bahati mbaya. Maji ya bamvua yanajulikana yatapwa saa ngapi. Tulikubaliana. Mimi mwamba siuogopi. Ninachoogopa ni kuolewa na mtu ambaye nikisema hasikii, halafu na mimi nijifunze kutosema."

Hakujibu. Akaenda kwake.

Siku tatu hatukuongea. Mwenyekiti wa kamati anapiga simu kuuliza rangi ya maua, namwambia nitakupigia. Dada yangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia niko na mafua. Nililala nikijiuliza swali ambalo wengi wetu tunaliogopa kadi zikishatoka: hivi bado kuna nafasi ya kurudi nyuma?

Nilichogundua katika siku zile tatu ni hiki. Tulipokuwa wanafunzi hatukuwahi kugombana majini. Kila kitu tulimuuliza kocha. Tuliogopa wote, tukasikilizana wote. Ugomvi ulianza tulipokuwa wa kiwango cha kati. Unajua vya kutosha kuingia, lakini hujui vya kutosha kutoka. Na uchumba wetu ulikuwa hapo hapo. Miaka minne pamoja, kila mtu anadhani ameshamsoma mwenzake. Yeye aliamini nitasubiri tu. Mimi niliamini nikisema nitachekwa. Wote tulikuwa tunakosea.

Filimbi

Siku ya nne akaja. Mkono mmoja umefungwa, mwingine umeshika karatasi na kifuko cha plastiki.

Karatasi ilikuwa jedwali la maji kujaa na kupwa kwa msimu mzima uliobaki. Kila siku ya wikiendi alikuwa ameweka alama nyekundu kwenye saa ya kutoka. Na alikuwa amepiga hesabu, maana yeye ni mhasibu, ugonjwa wake ni namba.

"Tazama," akasema. "Nilikuwa nadhani maji yanapungua sawasawa. Kumbe sivyo." Akanionesha kanuni ambayo mabaharia wanaitumia siku zote. Maji huchukua saa sita na kidogo kupwa. Kama tofauti ni mita 3, saa ya kwanza hupungua kama sentimita 25 tu. Saa ya pili, 50. Saa ya tatu na ya nne, 75 kila moja. Kisha 50, kisha 25. "Mwanzoni unaona kama hayaendi popote, unajiamini. Kumbe ndiyo yanakuja kukimbia. Pale nilipoanguka, karibu mita nzima ilikuwa imeshaondoka. Na mimi nilikuwa naangalia mawimbi, siangalii maji."

Kisha akafungua kifuko. Filimbi ya machungwa, ile ya waamuzi wa mpira.

"Aliye nchi kavu ndiye anayeona," akasema. "Aliye majini anaona wimbi linalofuata tu. Kwa hiyo aliye nchi kavu anapuliza mara tatu, aliye majini anatoka. Ubishi tutaufanyia kwenye gari. Na sitakucheka tena mbele za watu. Ile siku nilikosea."

Nikamwambia na mimi langu. Kwamba niliona ile kahawia. Kwamba nilipunga mkono nusu kwa sababu ya kiburi. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Basi wote tulikuwa majini."

Rafiki yangu, pale ndipo nilipoolewa. Kule kanisani tulienda kusaini.

Ipelele

Harusi tulifungia nyumbani, mwezi wa nane, na baridi ile ya Makete. Shela ndani nimevaa sweta, wala sioni aibu kusema. Bwana harusi alikuwa na suti safi na bandeji chini yake, na tulikuwa tumekubaliana wazee wasijue.

Mama mkwe akamkumbatia mwanawe kwa nguvu za mama wa Kikinga aliyelima ngano na viazi maisha yake yote. Bwana harusi akakunja uso. "Nini mwanangu?" Ikabidi tuseme yote, pale pale, ukumbini, nyimbo zikiendelea.

Nilitegemea atatugombeza. Kucheza na maji ya bahari, watu wazima, wiki tatu kabla ya harusi! Alisikiliza tu, akauliza hiyo filimbi ikoje. Kisha akasema:

"Sisi huku bahari hatuijui, tunaujua ukungu. Ukienda kuokota kuni kule juu, ukaona ukungu unaanza kushuka, unateremka na kuni ulizo nazo. Anayerudi kuchukua mzigo wa mwisho ndiye tunayemtafuta usiku na mienge."

Akanigeukia. "Mwanangu, ukiuona ukungu, sema. Usimwonee mtu haya."

Zamu yangu

Usidhani hadithi hii inamhusu mume mkaidi na mke mwenye busara. Kusi iliyofuata ilikuwa zamu yangu.

Yeye amekaa nchi kavu, mimi niko majini. Na siku hiyo mwamba uliniamulia. Kila wimbi nililochukua lilikubali. Kwa mara ya kwanza maishani nilitoka mwanzo wa mwamba hadi mlangoni bila kuanguka. Niliporudi nje, nikaona fungu linakuja, matatu, na la tatu lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuona.

Filimbi. Mara tatu.

Kha! Nilikasirika, nisikudanganye. Nikaangalia chini, maji bado yapo. Nikajiambia, huyu ananilipizia. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuinuka chenyewe. Hapo ndipo nilipomwelewa ile jioni yake. Hakuwa amenidharau. Ukiwa majini, huoni kinachopungua. Unaona kinachokuja tu.

Nikageuza ubao kuelekea mlangoni. Wimbi la tatu likanipita na kuvunjika mbele yangu bila mtu. Nilipofika nchi kavu nikageuka kutazama, na dakika kama kumi baadaye wimbi lilipojikunja pale pale, nikaiona ile kahawia.

Akanipa taulo. Hakusema kitu. Kwenye gari nikasema, "Haya, umeshinda." Akasema, "Hakuna aliyeshinda, tumetoka."

Kabla na ninyi hamjaingia

Kama wewe na wako mmeshavuka povu na mnataka kujaribu mwamba, haya ndiyo tuliyojifunza kwa damu ya mmoja wetu.

*Jipimeni kwa ukweli.* Mnaweza kuogelea mita 200 bila ubao? Mnasimama mara nyingi kuliko kuanguka? Mnaweza kugeuza ubao mnapotaka nyie, si unapotaka wenyewe? Kama jibu moja ni hapana, bakini kwenye mchanga. Hakuna aibu.

*Nendeni kwanza maji yakiwa yamepwa kabisa, bila mbao.* Utazameni mwamba ukiwa uchi: wapi kuna mashimo, wapi kuna vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, mlango uko wapi. Waulizeni wavuvi. Shikamoo moja tu kwa mzee wa ngalawa ina thamani kuliko video kumi za kwenye simu.

*Chagueni siku.* Maji mafu yanabadilika polepole, hivyo yanafaa kuanzia. Bamvua inakimbia. Vyovyote iwavyo, ingieni maji yakikaribia kujaa, na saa ya kutoka ipangwe nchi kavu kabla hamjalowa.

*Mkianguka, angukeni bapa.* Kwa mgongo au tumbo, kama mkeka. Usitangulize kichwa, usitangulize miguu, usisimame juu ya mwamba. Kinga kichwa kwa mikono unapoibuka. Na matumbawe ni viumbe hai vinavyokua polepole sana, hivyo ukiyakanyaga mnaumia wote wawili.

*Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi.* Usimkatize, hata kama ni mumeo.

*Kamba ya mguuni lazima.* Viatu vya mpira vinasaidia. Maji safi na sabuni viwe kwenye gari. Jeraha la matumbawe lioshwe mara moja, na likiwa na kina lionwe na daktari.

*Msiende wawili tu.* Mwe na mtu wa tatu anayejua kuokoa. Na ukimwona mwenzako amezidiwa, usiruke kama nilivyotaka kuruka mimi. Mwoneshe kwa kidole, ita msaada, rusha kitu kinachoelea.

*Nunueni filimbi.* Inauzwa bei ya soda. Yetu sasa inaning'inia ukutani jikoni, karibu na mlango. Mara nyingine mmoja wetu anakuwa amekaa na kompyuta ya kazi hadi usiku wa manane, anasema dakika tano tu, nimalizie. Mwenzake haongei. Anakwenda jikoni, na nyumba nzima inasikia mara tatu.

Mpaka leo hakuna aliyebisha. Ubishi tunaufanyia kwenye gari.